Nusu Iliyo Chini

Tarehe 22 Juni 1915, kabla hakujapambazuka vizuri, askari wa Uingereza walishuka ufukweni karibu na Bukoba. Walikuwa wamevuka Ziwa Viktoria kwa meli kutoka Kisumu, wakiongozwa na Brigedia Jenerali J. M. Stewart, na miongoni mwao alikuwamo mwindaji mashuhuri Frederick Selous, wakati huo mzee wa miaka 63. Shabaha yao ilikuwa mnara. Wajerumani walikuwa wamejenga vituo vya simu ya upepo Bukoba na Mwanza miaka michache kabla ya vita, ili pande mbili za ziwa ziweze kuzungumza bila kusubiri chombo kivuke maji. Mji ulianguka tarehe 23. Mnara ukabomolewa, nyumba zikaporwa, kisha askari wakarudi melini na kuondoka.

Haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 8 Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kutangazwa Ulaya, meli ya kivita HMS Astraea iliishambulia Dar es Salaam, na kilichotafutwa pale pia kilikuwa kituo cha simu ya upepo. Katika nchi hii, vita ile kubwa ilianza kwa watu kupigania uwezo wa kutuma sauti angani.

Tangu hapo, ukisoma historia ya redio katika Kanda ya Ziwa, utakutana na minara. Mnara unaonekana kwa mbali, unapigwa picha na unabomolewa mbele ya mashahidi. Lakini mnara ni nusu tu ya chombo. Nusu ya pili iko chini, haionekani, na ndiyo inayoamua kama sauti itafika ng'ambo au itaishia kupasha moto udongo. Makala haya yanahusu nusu hiyo, na watu walioishi upande wake.

Tuanze na jina. Wazee wetu walikiita chombo kile simu ya upepo. Neno simu limetujia kutoka Kiajemi, ambako lina maana ya waya. Kwa hiyo simu ya upepo, kwa asili ya maneno yake, ni waya wa upepo. Jina hilo ni sahihi kuliko lile la Kiingereza linalodai kwamba hakuna waya kabisa. Waya upo: mmoja unapanda juu, na nyingine zimelala chini.

Heinrich Hertz alipothibitisha kuwapo kwa mawimbi ya redio mwishoni mwa miaka ya 1880, antena yake ilikuwa na mikono miwili iliyolingana, mmoja kulia na mwingine kushoto. Umeme ulikwenda na kurudi kati ya mikono hiyo, na mawimbi yakaruka. Mwaka 1895, kijana wa Kiitalia, Guglielmo Marconi, alifanya jambo ambalo leo linaonekana dogo. Aliusimamisha mkono mmoja wima, na mahali pa mkono wa pili akaunganisha ardhi. Mawasiliano yaliyokuwa yakifika mita mia kadhaa yakaanza kuvuka kilima. Ardhi ilikuwa imegeuka kuwa mkono wa pili. Ilifanya kazi kama kioo: waya unaosimama juu yake huona sura yake chini, na viwili hivyo hufanya kazi kama antena moja kamili.

Ndiyo maana antena ya wima inaweza kuwa na urefu wa robo ya wimbi tu. Robo nyingine inatolewa na kioo. Lakini kioo kikiwa na ukungu, sura haionekani, na ardhi nayo ikiwa mbaya, nguvu ya redio inapotelea humo.

Wahandisi wa mwanzo walilijua hilo. Vituo vya zama za Bukoba vilitumia mawimbi marefu sana, ya mamia na maelfu ya mita. Robo ya wimbi la mita 1,000 ni mita 250, na hakuna aliyekuwa anajenga mnara wa urefu huo katika kituo cha koloni. Waliongeza nyaya juu ya mlingoti ili antena fupi ijifanye ndefu, na kwa upande wa chini walizika au kutandaza nyaya nyingi. Kwa miaka mingi idadi ya nyaya hizo ilikuwa suala la kukisia, hadi mwaka 1937, pale G. H. Brown, R. F. Lewis na J. Epstein wa kampuni ya RCA huko Marekani walipochapisha matokeo ya majaribio yao. Walizika nyaya, kuanzia 2 hadi 113, wakapima kila hatua. Nyaya zilipokuwa chache, sehemu kubwa ya nguvu ilipotea ardhini. Zilipofika mia na zaidi, antena ilikaribia kabisa hesabu za kwenye karatasi. Vituo vya utangazaji vikachukua nyaya 120 kama kanuni.

Sasa tuvuke ziwa. Ukitazama ramani, Musoma iko karibu moja kwa moja mashariki ya Bukoba, kilometa zipatazo 220 za maji. Anayefika Musoma kwa mara ya kwanza hukumbuka mawe: matale yaliyopandana ufukweni, mengine makubwa kuliko nyumba. Butiama nayo imekaa juu ya mawe ya aina hiyo, na Mwitongo, kilima cha ukoo wa Mwalimu Nyerere, ni mwamba uliozungukwa na miti. Mawe hayo ni mazuri kwa macho, lakini kwa redio ni ardhi mbovu. Mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri. Muulize fundi umeme yeyote aliyejaribu kupigilia nondo ya ethi Musoma mjini: nusu mita inaingia, kisha nyundo inaanza kurudi mkononi. Bunda, upande wa mbuga, udongo ni laini zaidi, lakini kiangazi kikikolea nao hukauka na kupasuka.

Mtu wa Mara anayetaka kusimika antena ya wima ana njia mbili. Moja ni kutandaza makumi ya nyaya katika kiwanja ambacho, mjini, hana. Nyingine ni kutazama juu. Kioo alichokikosa ardhini kipo tayari kichwani pake, kimepigiliwa misumari juu ya kenchi. Ni paa la bati.

Bati lina historia yake. Henry Robinson Palmer alipata hataza ya bati la migongo London mwaka 1829, na baada ya miaka michache ikapatikana njia ya kulipaka zinki lisishike kutu. Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, na meli zikaanza kuhudumia bandari za ziwa, bati lilipata njia nyepesi ya kufika huku. Kwanza lilifunika boma, duka na kanisa. Baadaye likawa alama ya nyumba ya mtu aliyejikongoja akafika. Hakuna aliyeezeka akifikiria mawimbi. Aliezeka ili mvua isimnyeshee. Hata hivyo, bila kujua, kila aliyeezeka bati alijiwekea ardhi ya pili, kavu, pana, ya chuma, mita tatu juu ya ile mbovu.

Tuichukue nyumba ya kawaida ya Mwisenge au Bweri, yenye paa la mita 10 kwa 10. Mwenye nyumba anataka kutumia masafa ya megahezi 14.2, katika kipande ambacho watu wa redio ya ridhaa duniani kote hukiita mita 20. Wimbi la hapo lina urefu wa mita 21 na kidogo, robo yake ni mita 5.28, na bomba la aluminiamu, kwa kuwa umeme hupungua kasi kidogo ndani yake na kwenye ncha zake, hukatwa kwenye mita 5 hivi. Likisimikwa katikati ya paa juu ya kofia, bila kuligusa bati, linapata mita 5 za chuma kila upande. Hiyo ni robo ya wimbi, bila kuzika waya hata mmoja.

Kazi inayobaki ni kuirekebisha, na hapo ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu paa halisi si kioo cha kitabuni. Mabati yanapandana, lakini kupandana si kuungana. Kati ya bati na bati kuna rangi, vumbi na kutu, na misumari imevalishwa mpira. Kwa macho paa ni moja, kwa umeme ni vipande kumi na viwili visivyosalimiana. Mbaya zaidi, kutu iliyobanwa kati ya vyuma viwili huweza kupitisha umeme upande mmoja kuliko mwingine, na hiyo huzaa makelele yanayofunika sauti za mbali. Dawa yake ni kukwangua rangi kwenye maungio na kufunga vipande vya aluminiamu kutoka bati hadi bati kwa skrubu. Waya mtupu wa shaba haufai kugusa zinki, kwani mvua ikinyesha vyuma hivyo viwili hulana.

Kisha huja kipimo. Watu wa redio hukiita SWR: hulinganisha nguvu inayokwenda kwenye antena na ile inayokataliwa na kurudi kwenye redio. Moja kwa moja maana yake hakuna kinachorudi. Ukikuta kipimo kinashuka chini kabisa kwenye megahezi 13.9 badala ya 14.2, bomba ni refu. Ukipunguza sentimita tatu na nusu unapanda kwa takriban megahezi 0.1. Kwa hiyo hukati mara moja ukamaliza. Unafupisha kidogo, unashuka, unapima, unapanda tena. Ngazi ikae imara, na mtu mmoja abaki chini ameishikilia.

Kuna mtego hapa ambao hata wazoefu huuingia. Antena ya robo ya wimbi juu ya kioo tambarare na kisafi haitoi kipimo cha moja kwa moja. Ukinzani wake ni omu 36 hivi, wakati kebo na redio vimetengenezwa kwa omu 50, na kipimo sahihi ni kama 1.4. Ukiona moja kamili, usishangilie haraka. Huenda mteremko wa paa ndio uliopandisha ukinzani, na hilo ni jambo jema. Lakini huenda pia zile omu 14 zilizoongezeka ni upotevu wa maungio mabovu na ardhi mbovu. Ikiwa ni hivyo, katika kila wati 100 unazotuma, 28 zinageuka joto, na kipimo chako kinakusifu. Namna ya kujua ni kuongeza chuma chini: unga bati jingine, tandaza waya mbili, kisha pima tena. Kipimo kikiharibika kidogo baada ya kuboresha ardhi, ujue kwamba hapo mwanzo kilikuwa kinakudanganya.

Nimeeleza ufundi huu kwa kirefu kwa sababu unatufundisha namna ya kuisoma historia. Katika historia ya redio nchini, nusu ya juu ilikuwa ya wachache, na nusu ya chini ilikuwa ya wengi.

Utangazaji wa Dar es Salaam ulianza mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam. Kutoka Pwani hadi Mara ni mbali, na redio ya betri yenye antena ya kuchomoa haikutosha kila mara. Watu wakajifunza wenyewe: funga waya kwenye antena, upitishe dirishani, uuning'inize kwenye bati. Sauti iliyokuwa ikikoroma ikasafika. Hakuna mhandisi aliyekuja kijijini kufundisha hilo. Paa la bati likawa sikio la nyumba.

Sikio hilo lilifanya kazi kubwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima wapatao milioni mbili nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza redio, kujadili, kisha kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Novemba 1978 watu walisikiliza redio wakajua kwamba nchi inaingia vitani na Idi Amin. Na tarehe 14 Oktoba 1999, Rais Benjamin Mkapa alipotangaza kwamba Mwalimu amefariki London, habari ilikuwa ikirudi mahali alikozaliwa yule mtoto wa Chifu Burito mwaka 1922. Mtu aliyeizungumzia nchi kupitia redio kwa karibu robo karne alizikwa Butiama, kati ya mawe yale yale.

Lakini paa lilisikia tu. Kusema lilikuwa jambo jingine. Wakati wa ukoloni, Tanganyika ilikuwa na vituo vya redio ya ridhaa vilivyotambulika kwa herufi VQ3, Kenya VQ4, Uganda VQ5, Zanzibar VQ1. Herufi ya V ilitoka katika fungu la Uingereza, na hata jina la kituo lilitaja mwenye koloni kabla ya kutaja nchi. Leseni hizo zilikuwa mikononi mwa wachache, wengi wao wageni. Misheni nazo zilikuwa mbali na miji. Wamenno, kwa mfano, walikuwa wamefika Shirati, kaskazini mwa Musoma, tangu 1934. Baada ya Madaktari Wanaoruka, ambao leo ni AMREF, kuanzishwa Nairobi mwaka 1957, hospitali za vijijini Afrika Mashariki zilianza kuunganishwa kwa redio za masafa mafupi. Saa maalumu ya asubuhi daktari aliye peke yake porini aliweza kuuliza swali na kujibiwa. Polisi walikuwa na redio zao, meli zao, mbuga za wanyama zao. Mwananchi wa kawaida alikuwa na betri mbili na waya juu ya bati.

Baada ya uhuru herufi zikabadilika. Vituo vya Tanzania Bara vikawa 5H3, Zanzibar 5H1. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo binafsi, na leo Musoma na Bunda zina redio zao za karibu. Leseni ya redio ya ridhaa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Mlango wa kusema upo. Wanaoupitia bado ni wachache sana, na mara nyingi sauti inayosikika duniani ikitaja 5H3 ni ya mgeni aliyekuja kwa wiki mbili na antena kwenye begi. Katika ramani ya miraba ambayo watu wa redio hutumia, Musoma na Butiama ziko kwenye mraba KI68, na Bunda, chini kidogo ya nyuzi 2 kusini, iko KI67. Kuna watu Japani na Brazili wanaokesha wakitafuta miraba kama hiyo ambayo wakazi wake hawajui kwamba inatafutwa.

Mtu atauliza: simu ya mkononi ipo, ya nini kuhangaika na bomba juu ya bati? Jibu lilitolewa tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za mawasiliano chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika. Intaneti ya Tanzania na majirani zake ikayumba kwa siku kadhaa. Biashara zilikwama Musoma kwa sababu ya waya uliokatika Bahari ya Hindi. Simu tuliyo nayo mfukoni ni mnara wa mtu mwingine, umeme wa mtu mwingine na kebo ya mtu mwingine. Askari wa mwaka 1915 walielewa jambo hilo vizuri: nchi nzima ikitegemea mnara mmoja, inatosha kuangusha mnara mmoja. Redio ndogo ya wati 100 inayotumia betri ya gari haihitaji chochote kati ya hapa na Kisumu, Kampala au Muscat isipokuwa anga.

Kwa kijana aliyesoma fizikia ya kidato cha nne, hakuna fumbo katika haya. Kifaa cha kupimia antena ambacho zamani kilikuwa cha maabara leo ni kidogo kama simu. Hesabu ya robo ya wimbi inaingia kwenye kiganja. Bati lipo. Kinachotakiwa ni mtihani, leseni, na subira ya kupanda ngazi mara saba kwa ajili ya sentimita chache.

Na tahadhari moja, kwa sababu hili ni ziwa letu na tunalifahamu. Radi za Ziwa Viktoria hupenda usiku na alfajiri, na bomba la mita 5 juu ya paa ni mwaliko. Paa liungwe na ethi nje ya nyumba, hata kama kuitafuta kati ya mawe kutachukua siku nzima na nondo tatu. Mawingu yakianza kujikusanya upande wa maji, chomoa kebo, uiweke nje ya dirisha. Aliye Kampala ataelewa kwa nini umenyamaza katikati ya sentensi, maana ziwa ni lake pia.